Mzizi Hauna Koki

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimesimama uani kwetu Kariakoo, mikono kiunoni, tumbo limenitangulia mbele, nikihesabu siku. Si siku zangu. Nilikuwa nahesabu siku za mwanamke mwingine. Wako wanawake wanaomwomba Mungu wajifungue salama. Mimi nilimwomba nijifungue kwanza. Neno salama lilinitoka kabisa, na kwa ajili ya neno hilo ndiyo nimekuita ukae hapa kidogo, uiweke hiyo simu pembeni.

Najua unachotafuta humo. Jana nilikusikia kupitia ukuta wetu huu ukimsomea mwenzio: nanasi, pilipili, kupanda ngazi, mafuta ya mbarika. Tarehe uliyopewa kliniki imepita, mgongo unauma, na kila jirani akikuona anauliza "bado tu?" kana kwamba umegoma makusudi. Sikucheki. Mimi nilishayafanya hayo kabla simu hazijaanza kufundisha watu kuzaa.

Wakati huo tulikuwa tunakaa nyumbani kwa baba mkwe, katika moja ya zile nyumba za vyumba sita zenye uani mkubwa. Sasa hapo pana ghorofa, chini wanauza viatu. Baba mkwe, Mzee Shomari, alikuwa amefariki na mwaka ulikuwa haujatimia. Mume wangu Athumani alikuwa anauza vitambaa kwenye duka la watu kule Mchafukoge. Nilikaa naye miaka mingi bila mtoto. Watu wetu wana ustaarabu wao, hawakuniambia neno usoni. Walinihurumia tu, na huruma ya mwenye watoto kwa asiye na mtoto ni pilipili jichoni. Mwisho Athumani akaoa mke wa pili, Mwajuma, binti wa Buguruni, mdogo kwangu, mzuri wa meno, mwepesi wa kucheka. Akampangishia chumba hukohuko Buguruni, zamu ikawa siku mbili kwake na siku mbili kwangu.

Sasa sikia mambo ya Mungu. Hata hina ya harusi haijafutika mikononi mwa Mwajuma, mimi nikashika mimba. Mimi, niliyekwisha kuitwa tasa kwa macho. Nilikuwa napita sokoni khanga nimeifunga chini ya tumbo ambalo hata halijatokeza, ili kila mtu alione. Nikaringa mwezi mzima. Kisha Athumani akaja kuniambia, huku anatazama viatu vyake, kwamba Mwajuma naye anatapika asubuhi.

Ningeweza kukudanganya kwamba nilimfurahia mwenzangu, lakini umri huu sitaki kujiongezea madhambi. Niliona nimeibiwa. Miaka yote nimekaa na sahani tupu, siku nimetiliwa chakula, na mwingine anaingiza mkono kwenye sahani hiyohiyo. Wivu ulinikaa hapa, kifuani, ukawa unaamka kabla yangu.

Na ukoo wetu ulikuwa na jambo lake. Jina la mzee aliyefariki hupewa mjukuu wa kwanza wa kiume anayezaliwa baada yake, na watoto wa baba mmoja hawagawani jina hilo. Mjukuu huyo anakuwa kama mzee amerudi. Bibi yake anamwita "mume wangu", mashangazi wanamwamkia shikamoo kwa utani, na mama yake kwenye kila shughuli anasogezewa mkeka wa mbele. Nilimtaka huyo Shomari mpaka nikawa namwita nikiwa peke yangu chumbani. Mimi ndiye bi mkubwa, mimi ndiye niliyetangulia, nani angeninyang'anya?

Lakini tarehe ikafika, ikapita. Kliniki nesi akanipapasa, akaweka sikio kwenye kile chombo chao cha kusikilizia, akasema, "Mtoto anacheza vizuri, mama. Bado hajawa tayari. Rudi wiki ijayo." Nilimwangalia nesi yule nikaona kama amehongwa. Huku nyuma habari za Buguruni zinanifikia kila siku: tumbo la Mwajuma limeshuka, Mwajuma kiuno kinambana, Mwajuma ameshafunga mkoba wa hospitali. Watu wana methali nyingi za subira, mwanangu. Mimi siku zile nilikuwa na moja tu: chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Basi nikaingia kazini. Nilideki uani nimechuchumaa asubuhi na jioni, mpaka mama mkwe nusura ateleze avunjike mguu. Tende nilikula mpaka muuzaji akiniona kwa mbali anaanza kufunga. Nanasi likanichubua ulimi. Pilipili mbuzi ikanipa kiungulia cha kunikesha, uchungu wenyewe wala. Nikawa nauzunguka uwanja wa Mnazi Mmoja kama mlinzi, wauza kahawa wakanizoea, nikipita wananyamaza kwa heshima kama wanapitishiwa jeneza.

Wanawake wa pale nyumbani wakanikonyeza kwamba iliyobaki ni dawa ya kitandani. Mmoja wao, mtu wa maneno sana, akasema mlango hufunguliwa na aliyeufunga. Nikacheka nao, kisha nikahesabu, nikakuta zamu ni ya Mwajuma. Unaiona balaa hiyo? Dawa yangu ilikuwa imelala Buguruni.

Nikavaa viatu nikaenda kuiomba. Kwa miguu, kutoka Kariakoo hadi Buguruni, jua la saa nne, nikijisemea kwamba uchungu ukinishika njiani ni heri, usiponishika nirudi na zamu. Sijui kama yuko mwanamke mwingine aliyewahi kutembea mwendo ule kwa shida ile. Nilimkuta Mwajuma amekaa kibarazani anamenya mihogo, beseni limekaa juu ya tumbo kama juu ya meza.

"Shikamoo dada," akasema, akajaribu kunyanyuka, akashindwa, akacheka.

"Marahaba." Nadhani niliitoa puani.

Nikamweleza. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nimekuja na maneno yangu yote, nani mkubwa na nani kamkuta nani. Akaendelea kumenya, akasema, "Mchukue tu, dada. Mimi kwa tumbo hili hata simwoni, anakoroma tu. Mchukue hata wiki."

Ningefurahi, siyo? Sikufurahi. Mtu anayetoa hivyo, nikajisemea, anatoa kwa sababu ameshiba. Nikaona anajua kitu nisichokijua, kwamba mtoto wake yuko mlangoni, zamu anazo za maisha. Nilimwonea wivu wa ujana wake na wa kicheko chake, na sasa nikamwonea wivu hata wa ukarimu. Akanifungia mihogo miwili nikaipeleke nyumbani. Nilimpa mtu njiani.

Athumani akaja kwangu nje ya zamu, amechoka na marobota ya siku nzima, akala wali, nikiwa katikati ya maneno matamu niliyoyapanga tangu Buguruni akalala mdomo wazi. Huyo ndiye mume niliyemwendea kwa miguu.

Ndipo nikaenda kwa muuza dawa. Alikuwa ametandaza mkeka kando ya soko, mizizi huku, magome huku, chupa za rangi huku. Nikamwambia shida yangu. Akachagua mizizi minne myembamba, akaizungusha kwenye gazeti, akasema, "Chemsha, unywe kikombe kimoja. Ukinywa asubuhi, adhuhuri unanyonyesha." Hakuniuliza mimba ina muda gani. Hakuuliza kama niliwahi kuumwa, wala mtoto amekaaje. Na mimi sikutaka aniulize, kwa sababu aulizaye huenda akakataza.

Nilibandika sufuria uani baada ya swala ya alasiri, wenzangu wote wametoka. Maji yakageuka rangi ya chai kali, harufu ikapanda, chungu, nzito. Nilikuwa nimeshamimina kikombe, nakipuliza kipoe, mama mkwe akatoka chumbani. Bi Tatu huyo, mtu mfupi, mkimya, ambaye ukimkosea alikuwa anakunyamazia mpaka unajishtaki mwenyewe. Hakuuliza kuna nini. Alisimama akavuta harufu, na uso wake ukabadilika nikaogopa.

"Zima jiko," akasema.

Nikazima. Akavuta kibao cha mbuzi, akakaa mbele yangu, magoti yetu yanagusana.

"Nani amekufundisha kumwita mgeni kwa bakora?"

Nilikuwa na hasira. Nikawaza, huyu mama anataka mkwe wake mdogo atangulie. Nikamwambia, Mungu anisamehe, "Mama, wewe hujui kukaa na mwenzio ana tumbo na wewe una tumbo."

Akatikisa kichwa taratibu. "Hapo ulipokaa ndipo nilipokaa mimi," akasema. "Marehemu baba mkwe wako alikuwa na mke mwingine, hukumkuta. Tulibeba pamoja. Na sisi tulikuwa na jina la kugombea. Nikaletewa mizizi hii hii, harufu yake siwezi kuisahau. Nikanywa. Uchungu ukaja, mwanangu, na haukuja kama unavyokuja kwa watu, ukakushika ukakuachia upumue. Ulinishika moja kwa moja haukuniachia. Nikazaa mtoto wa kiume, mzuri, nywele hadi hapa. Hakulia. Wakamgeuza, wakampiga nyayo, wakampulizia. Hakulia." Akainamia mikono yake. "Nilimwahi mwenzangu. Jina nililipata, nikalizika siku hiyohiyo pamoja na mwenye jina."

Miaka yote niliyokaa nyumba ile sikuwahi kulisikia hilo. Nilijua ana watoto sita. Sikujua kwamba ni saba.

Utadhani nilikimwaga kikombe palepale. Sikukimwaga, mwanangu. Nilikifunika na kisosi, nikakisogeza pembeni, na moyoni nikasema labda kesho. Wivu si kitu kinachotoka kwa hadithi moja, hata kama hadithi ina kaburi ndani yake. Mama mkwe aliniona, akabaki amekaa pale pale analinda kikombe.

Kabla ya magharibi Athumani akaingia mbio, kanzu ameishika mkononi. Mwajuma amejifungua. Mtoto wa kiume. Mama mkwe akasema alhamdulillahi, akaniangalia mimi, kisha akainua kile kikombe akakimwaga kwenye mfereji, na mabaki ya sufuria akayafuatisha. Nikalia. Athumani akadhani nalia kwa furaha ya familia, maskini, akanishukuru.

Siku ya pili Bi Tatu akafunga khanga zake na sufuria ya kuchemshia maji akaenda Buguruni kumlea mzazi arobaini yake, kama desturi. Shomari akapewa jina lake. Mimi nikabaki na tumbo langu na uani mtupu, nikijiona mjinga niliyesikiliza hadithi ya mzee nikakosa kila kitu.

Siku chache baadaye kliniki wakasema sasa muda umezidi, nilazwe. Wakaniwekea maji ya uchungu mkononi, yale ya chupa, na nesi mmoja akakaa nami. Kila baada ya muda kidogo anasikiliza tumbo. Uchungu ukaanza vizuri, nikawa naomba Mungu, safari hii nikakumbuka na neno salama. Baadaye nikamwona nesi amesikiliza, akasikiliza tena, uso umekaza. Akafunga koki ya yale maji. Akaita daktari. Wakasema uchungu ukija, moyo wa mtoto unashuka, hauvumilii, nikapelekwa kupasuliwa.

Nilipozinduka mtoto alikuwa anapiga kelele wodi nzima. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni mara mbili. Nesi yule akaja kunitazama, nikamwambia, kwa ulimi mzito, habari ya mizizi. "Mama," akasema, "haya maji yetu yana koki. Nimeona mtoto anachoka, nimefunga. Mzizi ukishaumeza hauna koki. Ungeshushwa hapa na teksi mtoto ameshachoka zamani, tungepokea nini?"

Hadithi ya mama mkwe nilikuwa nimeisikia kwa masikio. Maneno ya nesi niliyasikia huku nimemshika mwanangu mkononi, ana joto, ananitafuta kwa mdomo.

Mama mkwe hakuweza kujigawa, basi alipoona nimepasuliwa na siwezi hata kuinama, akaamua nami nipelekwe Buguruni, atulee sote chumba kimoja. Fikiria adhabu hiyo. Mimi kitanda hiki, Mwajuma kitanda kile, katikati Bi Tatu na maji yake ya moto. Mwanangu alilia, maziwa yangu yalikuwa bado hayajashuka. Mwajuma akanyoosha mikono. "Nipe, dada." Nikampa, nitafanyaje? Mtoto akanyonya kwake kwa pupa, akatulia, akashika kidole chake. Nakuambia kweli, mshono wa tumbo haukuniuma kama nilivyoumia kumwona vile. Niligeukia ukutani. Lakini nilisikia anameza, na nikajua kwamba yu hai na anashiba, na hilo nikalishika.

Hatukuwa mashoga wakubwa hata baadaye, usije ukanitungia hadithi nzuri. Tulikaa kwa heshima. Mpaka leo kwenye shughuli, Shomari akiamkiwa shikamoo na wakubwa zake na mama yake akisogezwa mbele, kuna kitu kinaniwasha hapa kifuani. Mwenye kovu usidhani kapoa. Lakini mwanangu mimi, aliyekuja wa pili na jina la kawaida tu, jina alilolikosa halikumpunguzia hata jino. Ni huyo ambaye jana ulimwona amejaza mlango, ananipigia kelele kwa nini nimebeba ndoo.

Basi sikiliza. Sikwambii uache wivu, maana najua nawe unao wako: mwenzio wa kazini aliyebeba baada yako ameshaweka picha ya mtoto, na wifi yako anakupigia kila siku kuuliza. Uone wivu, ulie, unune, Mungu ni mwenye kusamehe. Ila usimtume mtoto kwenda kukushindia mashindano yako. Mtoto aliye tumboni hajui kwamba kuna mwingine. Yeye hana wa kumwahi.

Tembea jioni kukipoa, mpaka pale unapochoka, siyo mpaka Buguruni. Kula tende zako, ila kama kliniki walikuambia una sukari waulize kwanza. Nanasi na pilipili kula ukipenda ladha yake, lakini uchungu usiungoje hapo. Mimi nilivuna kiungulia tu. Mume akikukaribia, kama chupa haijapasuka na daktari hakukukataza, ni halali yako, na akilala mdomo wazi mfunike shuka. Kaa wima, lala ubavu, oga maji ya vuguvugu, cheka na watu. Hayo hayamlazimishi mtoto, yanakusaidia wewe kungoja. Lakini mizizi, magome, mafuta ya mbarika, vidonge vya kupewa uchochoroni, usitie mdomoni, hata nikikuletea mimi. Kliniki siku zote waambie ukweli wa ulichokunywa. Muda ukizidi, wao wana njia zao, na watakaa karibu yako wakimsikiliza. Na ukiona chupa imepasuka, au damu, au kichwa kinapasuka na macho yanaona giza, au mtoto aliyekuwa anacheza amenyamaza, usingoje kesho wala usimngoje mume. Nigongee mlango wangu saa yoyote, twende.

Njoo nikuwekee mkono tumboni. Mungu akufungue kwa wema wake, akushushie mtoto kwa saa aliyompangia yeye, si saa ya majirani. Akupe maziwa, akupe nguvu ya kunyanyuka, akulinde na ulimi wangu na macho ya watu. Na siku hiyo mtoto akilia, usikimbilie kumnyamazisha, mwache alie kidogo, umsikie. Wako wanawake waliotega masikio mpaka mwisho hawakuisikia sauti hiyo. Amin.